Nina miaka 38, nataka kujifunza kuigiza. Mke wangu anaona nina jambo

Anti, shikamoo.

Mimi ni bwana shamba, nina miaka 38, nina mke na watoto watatu. Nakaa Uyole, hapa Mbeya, ila kata ninayoihudumia iko upande wa Rungwe. Sitaitaja, maana kule hata mbwa wananijua. Safu yako naisoma siku nyingi, sikudhani ipo siku na mimi nitakuandikia.

Shida yangu ni kuongea mbele za watu. Mkulima mmoja mmoja sina tatizo naye. Tukisimama wawili chini ya mparachichi nitamweleza mpaka aelewe kwa nini asichume machanga, kwa nini tawi hili likatwe na lile liachwe. Lakini mtendaji akiitisha mkutano, watu wakajaa, akasema "sasa tumkaribishe bwana shamba wetu", nakuwa mtu mwingine. Mdomo unakauka. Macho yanahamia kwenye karatasi, hayatoki tena. Nasoma mbio mbio, sauti inashuka, walio nyuma wanaanza mazungumzo yao, na mvua ikianza kupiga mabati ndiyo basi tena. Hivi karibuni nilifundisha habari za ukungu wa viazi. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali. Mama mmoja akanyoosha mkono: "Bwana shamba, tumekusikia. Sasa ile mbolea ya ruzuku inakuja lini?" Watu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kilichoniumiza zaidi ni mwaka jana tulipomzika baba. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, nikapewa kusoma wasifu wa marehemu. Nilipofika kwenye mwaka aliomwoa mama, sauti ikakata. Nilijaribu tena, haikutoka. Mdogo wangu akaja akachukua karatasi mkononi mwangu akamalizia. Watu walinipa pole, lakini hadi leo nikikutana na wa pale kijijini nahisi wanalikumbuka lile.

Sasa hapa mjini kuna kikundi cha sanaa kinachofundisha uigizaji kwa wanaoanza kabisa, kila Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mmoja maeneo ya Soweto. Ada ni shilingi 60,000 kwa miezi miwili, na mara ya kwanza unaruhusiwa kujaribu bure. Kijana tunayesali naye alinivuta nikaone. Wengi ni vijana. Aliyenizidi umri ni mama mmoja tu, muuza mchele wa Mwanjelwa. Tulirushiana majina, tukatembea ukumbini huku tukiiga mwendo wa wenzetu, nilicheka mpaka machozi. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kwa namna ambayo siwezi kuieleza.

Tatizo ni kwamba mke wangu nilimwambia nakwenda semina. Niliona haya kusema mtu mzima kama mimi nakwenda kucheza maigizo. Kabla hata wiki haijaisha shoga yake akamwambia kaniona natoka ukumbini nacheka na mabinti. Anti, nyumbani hakukaliki. Anasema hakuna mwanaume wa miaka 38 anayeanza kuigiza bila sababu. Kaka yangu naye akaitwa, mtoto wa baba mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa. Yeye kasema kuigiza ni kujizoesha uongo, na kama ni woga niombe Mungu auondoe.

Naomba unisaidie. Haya madarasa yana faida yoyote kwa mtu asiyetaka kuwa msanii? Mimi sina ndoto ya kuonekana kwenye runinga. Na umri huu si nimeshachelewa? Na mke wangu nimrudishe vipi?

Ndaga fijo, asante sana.

Bwana Shamba, Uyole

ANTI ANAJIBU

Marahaba, bwana shamba. Pole sana kwa msiba wa mzee. Pole pia kwa hali ya nyumbani, ingawa hiyo ya pili kidogo umejitakia.

Tuanze na huko nyumbani kunakowaka moto. Mkeo hajakosea. Mume kaaga anakwenda semina, kaonekana Soweto anacheka na mabinti: mwanamke gani atapokea habari hiyo kwa bashasha? Kinachomchoma ni ile semina, uigizaji umekuja kubeba lawama tu. Umeanza kuigiza nyumbani kabla hata hujalipa ada, tena uliigiza vibaya. Kwa hiyo usimwendee na hotuba kuhusu faida za sanaa. Mwambie: nilikudanganya, na sababu ni kwamba niliona haya. Kisha mweleze kilichokutia haya, ule mkutano wa viazi na yale ya msibani, kama ulivyonieleza mimi nisiyekujua. Sitashangaa kama habari hizi hajawahi kuzisikia. Wanaume wa kwetu huku wakipatwa na jambo la namna hiyo hulimeza, mke akabaki anauona ukimya tu, na ukimya wa mume kila mwanamke huujaza kwa namna yake.

Halafu mwambie, Jumamosi twende wote. Akae nyuma atazame mwanzo mpaka mwisho. Kikundi kinachofundisha kwa uwazi hakimkatalii mke wa mtu kiti. Kikimkatalia, hata mimi nitaanza kuuliza maswali. Na mkifika hatua ya kupangwa wawili wawili, omba upangwe na yule mama wa mchele. Mtu anayeshinda Mwanjelwa akiwabembeleza wateja wasiotaka kutoa hela ana mengi ya kukufundisha, na mkeo atapata usingizi.

Hilo limekwisha. Sasa swali lako hasa.

Faida zipo, na kubwa kuliko zote wewe mwenyewe umeiandika bila kuiona. Unasema chini ya mparachichi, na mkulima mmoja, huna tatizo. Kumbe sauti unayo, maneno unayo, na kazi unaijua. Mbele ya watu wengi hupungukiwi na kimojawapo. Kinachohama ni mawazo yako. Ukiwa na mkulima mmoja unamtazama yeye: ameelewa, hajaelewa, anaangalia tawi gani, mbona amekunja uso. Ukiwa mbele ya kijiji unaanza kujitazama wewe: mikono niiweke wapi, sauti inatetemeka, wananionaje. Kichwa kimoja hakiwezi kufanya kazi zote mbili, na hiyo ya kujitazama ikianza huila ile nyingine yote.

Darasa la uigizaji la mwanzo, likiwa na mwalimu anayejua kazi yake, karibu lote ni mazoezi ya kuyatoa mawazo kwako na kuyapeleka kwa mwenzako. Ndiyo maana ulirudi nyumbani mwepesi. Kwa saa kadhaa ulipumzika kujichunga.

Waliofanya kazi hii kwa undani waliliona tatizo lako zamani. Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyeshiriki kuanzisha Jumba la Sanaa la Moscow, jumba la tamthilia, mwaka 1898, alihangaika na waigizaji waliokuwa wakikakamaa kwa kuhisi macho ya watazamaji. Alichowafundisha ni kuweka umakini ndani ya duara dogo: kitu kilicho karibu, kikombe, taa, uso wa mwenzako, ukishughulikie kwelikweli mpaka ukumbi upotee akilini, kisha duara ulipanue taratibu. Baadaye mwalimu wa uigizaji wa Marekani, Sanford Meisner, akawa na zoezi ambalo huenda na nyinyi mtalipitia. Wawili wanatazamana. Mmoja anasema anachokiona, "Umevaa shati la bluu." Mwenzake anarudisha, "Nimevaa shati la bluu." Wanarudiana hivyo hivyo. Mwanzoni ni upuuzi mtupu na watu wanacheka. Wakivumilia, mmoja atalegeza sauti kidogo, au jicho litabadilika, na mwingine atakuwa ameshalisikia kabla hajalifikiria. Maneno ni yale yale ya shati, lakini sasa wanazungumza.

Mimi si mwigizaji, ila niliwahi kukaa kwenye benchi la pembeni katika ukumbi mmoja kule Kihesa, Iringa, nikitazama kundi la wanaoanza. Zoezi lilikuwa la kioo: mmoja anasogeza mikono, wa mbele yake anafuata kama kivuli. Mzee mmoja mstaafu alipangwa na binti wa chuo. Mzee akaanza kwa kasi, mikono huku na huku, binti anahangaika nyuma yake. Mwalimu akapita akamwambia kwa upole, "Usimshinde, mzee. Mpeleke." Mzee akapunguza. Akapunguza tena. Viganja vyao vikawa vinapanda pamoja, polepole kiasi kwamba sisi wa kwenye benchi hatukujua nani anaongoza. Hapo mwalimu akasema, "Sasa mzee, huku unaendelea, msimulie ulivyoanza kazi." Mzee akasimulia. Hakutafuta maneno wala hakukohoa, na sauti ilitufikia wote tulipo bila yeye kuipaza. Alikuwa ameshughulika na vidole vya yule binti, visije vikaachwa nyuma. Hakukumbuka kuogopa.

Sasa turudi kwa yule mama wa mbolea ya ruzuku. Wewe umemsoma kama mtu aliyekudharau. Mimi nadhani alitoka nyumbani na swali lake, akakaa nalo mkutano mzima, na kila ulipokuwa unasema ukungu yeye alikuwa anahesabu mifuko. Kama ungekuwa unatazama watu badala ya karatasi ungeliona usoni mwake tangu mwanzo, na sidhani alikuwa peke yake. Ungeanza na mbolea: unachokijua kuhusu mgao, usichokijua, nani wa kumuuliza. Baada ya hapo masikio yangekuwa huru kusikia habari za viazi. Mwigizaji mzuri hufanya hivyo kila usiku. Anajibu alichopewa na mwenzake pale pale, hata kama si alichokitarajia.

Utafiti upo, ingawa sipendi kuutumia kama rungu. Thalia Goldstein na Ellen Winner wa Marekani walichapisha mwaka 2012 matokeo ya kufuatilia watoto wa shule ya msingi na vijana wa sekondari waliosoma uigizaji kwa mwaka wa masomo, wakiwalinganisha na wenzao waliosoma sanaa nyingine. Waliosoma uigizaji walipanda zaidi katika kuhisi wanachohisi wengine. Hao ni watoto na vijana, si mabwana shamba, kwa hiyo usiubebe kama hati ya kiapo. Lakini wewe umeuliza habari za umri. Helga Noice na Tony Noice, nao wa Marekani, waliwafundisha wazee uigizaji kwa wiki nne tu, na wazee hao wakafanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya kumbukumbu kuliko wenzao ambao hawakufundishwa chochote. Kama wazee waliostaafu hawakuchelewa, wewe wa miaka 38 unachelewa wapi?

Hao hao wawili wamechunguza kwa miaka mingi jinsi waigizaji wanavyoyakamata maneno, na hapa kuna kitu cha kukufaa kazini. Mwigizaji mzoefu hakai kukariri mstari kwa mstari kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha. Kila mstari anauuliza: huyu mtu anasema hivi ili iweje? Anamtuliza mwenzake, anamtisha, anamwomba, anamkwepa? Sababu ikishakaa, maneno huifuata. Chukua ile karatasi yako ya ukungu wa viazi. Pembeni ya kila hoja andika unataka wakulima wafanye nini nayo. Hapa nataka washtuke. Hapa nataka mmoja akubali kwamba na shamba lake lilioza. Hapa nataka wakakague majani kesho asubuhi. Baada ya hapo karatasi iweke mfukoni, na uiache humo.

Sauti nayo inafundishika, na kwa kata yenye mvua kama ya Rungwe na ofisi za mabati unaihitaji. Watu wengi wakiambiwa hawasikiki hupiga kelele, koo likauma, na bado wa nyuma hawasikii. Mwalimu atakurudisha kwenye pumzi: mabega yashuke, hewa iingie chini mpaka mbavu za pembeni zitanuke, useme hewa ikiwa inatoka. Atakukamata pia kwenye mwisho wa sentensi, karibu kila anayeanza ana ugonjwa huo. Unaanza na nguvu, "Ndugu wakulima, mkiona madoa kwenye majani," halafu kile cha muhimu, "ng'oeni mapema," kinafia kooni. Jisikilize ukizungumza na watoto nyumbani utaliona. Dawa yake ni ndogo tu: neno la mwisho lifikishe kwa mtu fulani mwenye sura, aliyekaa mstari wa mwisho, kabla ya kuvuta pumzi nyingine.

Na kuna faida ambayo watu wazima tunaidharau, ya kucheza tu. Hebu jiulize mwanaume wa rika lako hapa Mbeya anakwenda wapi kuwa mjinga kidogo bila kulipia. Kanisani ana heshima yake, msibani ana majukumu yake, kwenye mpira anabishana, kilabuni anakunywa. Mahali pa kutembea kama bata mbele ya watu kumi na kesho yake wasikusimange, ni wapi? Mtu akishaonekana akikosea, tena na tena, na dunia isianguke, kukosea mbele ya kijiji kunapungua makali. Faida hii huwezi kuisoma kitabuni. Ni lazima ukatembee kama bata.

Sasa nikubishie jambo moja. Umeweka mkutano wa viazi na msiba wa baba yako kwenye kapu moja, kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Sikubaliani nawe. Mtoto wa kwanza anasoma wasifu wa baba yake, anafika pale alipomwoa mama yake, na mama pengine amekaa pale mbele amejifunika khanga. Sauti ikakata. Sasa ulitaka isikate? Huo haukuwa woga wa kuongea, ulikuwa unalia. Hao unaowaogopa kijijini, kama wanakumbuka kitu, wanakumbuka kijana aliyempenda baba yake na mdogo mtu aliyejua wakati wa kumpokea kaka yake mzigo. Usiende darasani kutengeneza kitu ambacho hakikuharibika.

Nalisema hili kwa sababu nyingine pia. Wapo walimu wanaopenda kuwaambia wanaoanza, "Kumbuka jambo lililokuumiza maishani, lete machozi." Limetokana na mafundisho ya Stanislavski, ingawa yeye mwenyewe miaka ya baadaye aliegemea zaidi vitendo vya mwili: fanya jambo la kweli, hisia zitakuja zenyewe. Ukiambiwa mlete marehemu baba yako jukwaani ili ulie vizuri, kataa. Sema tu, "Hilo halijapoa." Mwalimu mwenye busara atakupa kitu kingine. Asipokuwa na busara, hela yako haijapotea, umenunua taarifa.

Na kama hata kwa mtu mmoja mmoja moyo unakwenda mbio, usingizi haupo, au huzuni ya msiba imekataa kuondoka, hiyo si kazi ya kikundi cha sanaa. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo Mbeya ueleze. Kwa barua yako sidhani umefika huko.

Usitarajie miujiza. Wiki za mwanzo utakuwa mbovu kabisa, na vijana wa miaka 20 watakupita. Utabaki mtu mkimya, na wakimya wana nafasi yao. Mkutano ujao mdomo utakauka vilevile, ila utakuwa na cha kufanya ukikauka: mtafute mtu mmoja, muulize swali la kweli, subiri ajibu kweli. Kusubiri ndiko kugumu. Anayeogopa huuliza swali na kulijibu mwenyewe hapo hapo ili ukimya usimkute amesimama.

Kabla ya kutoa hiyo 60,000, uliza anayefundisha amejifunzia wapi. Si lazima awe amepita TaSUBa, ile taasisi ya Bagamoyo iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, lakini awe na pa kuonyesha: kikundi alichokaa nacho, maonyesho aliyofanya, mwalimu wake. Omba risiti. Na dada zangu mnaosoma barua ya mwenzenu, nyie sikilizeni zaidi. Akitokea mtu anasema lipa hiki nikuingize kwenye filamu, huyo ana biashara yake nyingine. Akitaka kitu kingine zaidi ya hela, hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2007, na Takukuru wana ofisi mikoani.

Bwana shamba, wewe una bahati ambayo wenzako darasani hawana: una mahali pa kulitumia somo kila wiki. Miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda kufanya kazi na wanakijiji, Malya kule Mwanza ikiwa mojawapo ya sehemu hizo. Watu waliigiza shida zao wenyewe, kisha wakakaa kuzijadili. Haikuwa kijiji kuletewa mchezo kutoka mjini kitazame kipige makofi. Ukishazoea kidogo, jaribu kwenye shamba darasa lako. Mpe mkulima mmoja awe dalali wa parachichi aliyekuja na lori, mwingine awe mwenye shamba aliyebanwa na ada ya mtoto, wabishane bei ya matunda machanga. Wewe kaa chini. Najua wakulima wa Rungwe; utapata mengi katika robo saa hiyo kuliko katika kurasa ulizowasomea mwaka mzima, na safari hii wa nyuma ndio watakaosogea mbele.

Amebaki kaka yako. Usibishane naye, mzee wa kanisa akibishiwa huongeza mistari. Lakini Krismasi ikifika, watoto wa shule ya Jumapili hujifunga khanga za mama zao wakawa Mariamu na wachungaji wa kondeni, na wazee wa kanisa hukaa viti vya mbele wakipiga makofi. Sijawahi kusikia mmoja amesimama akasema mtoto huyu anajizoesha uongo, mama yake Yesu si yeye. Akikuambia uombe, itikia amina, na Jumamosi nenda. Vikundi vingi humaliza kozi kwa onyesho dogo la ndugu na marafiki. Likifika, mwalike kwa heshima zote, mwekee kiti mbele karibu na shemeji yake.

Mkeo msalimie sana, lakini salamu zangu zifike baada ya kumwomba msamaha, si kabla.

Anti